Kipindi cha ziada shuleni: tuulize kwanza mtoto amekula nini

Wiki chache zilizopita bibi mmoja alimleta kwangu mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka 13, kutoka upande wa Golbanti, kule Tana Delta. Walikuwa wamepanda gari Garsen kukiwa bado giza ili wawahi foleni ya asubuhi hapa Malindi.

"Daktari, mtoto huyu kila ikifika mchana kichwa chamuuma, na juzi alianguka darasani," bibi aliniambia. "Shuleni wasema ni malaria, nyumbani wasema ni macho. Mimi sijui nishike lipi."

Nakiri kwamba mimi pia nilianza na malaria, kama afanyavyo daktari yeyote anayepokea mgonjwa kutoka bonde la Mto Tana. Kipimo hakikuonyesha vijidudu. Nikampima macho kwa ile chati ya ukutani, na akasoma hadi mstari wa mwisho. Nilikuwa nimekwisha kushika kalamu nimwandikie dawa ya maumivu ndipo nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: jana ulikula nini, na saa ngapi?

Alikunywa chai ya rangi saa kumi na moja alfajiri. Kisha akala ugali usiku, baada ya kurudi nyumbani na kuteka maji. Katikati hapakuwa na kitu. Nilipopima wingi wa damu nikapata gramu 9.4, na kwa msichana wa umri wake haifai kupungua 12.

Kwa nini chai saa kumi na moja? Kwa sababu shule yake, ambayo sitaitaja, iliongeza kipindi kimoja cha alfajiri kwa wanafunzi wa sekondari ya msingi, na mtoto huenda kwa miguu. Sasa wazazi walikuwa wameitwa mkutanoni ili wakubaliane kiongezwe kingine cha jioni. Bibi alitaka kujua mimi naonaje. Siku ile nilimjibu kwa kifupi maana foleni ilikuwa ndefu. Leo naomba nijibu kwa urefu, kwa kuwa hata wewe unayesoma ukurasa huu Mombasa au Nairobi huenda umeletewa barua ya namna hiyo, na pengine ulitia sahihi bila kuisoma mara mbili.

Tuanze na hesabu. Sekondari ya msingi ilipoanza mwaka 2023, watoto wa gredi ya 7 walipangiwa masomo 14 na vipindi 45 kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Hivyo ni vipindi tisa kwa siku. Walimu walilalamika, wazazi wakalalamika, na jopo la Profesa Raphael Munavu, lililoteuliwa na Rais mwaka 2022, likapendekeza mzigo upunguzwe. Masomo yakawa 9 na vipindi vikawa 40 kwa wiki, yaani vinane kwa siku. Kwa hiyo kipindi cha ziada kinachoombwa leo ndicho kile kile cha tisa kilichoondolewa baada ya hekaheka zote zile. Tulikitoa mlangoni, kinarudi dirishani.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Basi mwalimu anayetaka dakika 40 zaidi atazichukua katika usingizi wa mtoto, au chakula chake cha mchana, au mchezo wake. Hana pengine pa kuzitoa. Gharama yake haiandikwi kwenye ripoti ya muhula, lakini mimi huiona ikiingia mlangoni pangu.

Usingizi kwanza. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kati ya saa 9 na 12 kwa usiku mmoja. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kati ya 8 na 10. Isitoshe, mtoto anapobalehe mwili wake hubadili ratiba: usingizi huchelewa kuja usiku, na asubuhi huchelewa kuondoka. Si uvivu, wala si simu peke yake. Ndiyo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kilishauri shule za umri huu zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na jimbo la California likatunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2022, kwamba shule za umri wa kati zisianze kabla ya saa mbili. Sisi twaenda kinyume. Mtoto wa mjini huchukuliwa na basi la shule kabla ya jua kuchomoza, akaegemeza kichwa dirishani na kuendelea kusinzia. Wa Golbanti hana hata dirisha la kuegemea. Na ubongo huyahifadhi yale yaliyosomwa mchana wakati mtoto amelala, kwa hiyo anayepunguza usingizi ili kuongeza somo anajaza mtungi uliotoboka.

Lakini katika yote, linalonisumbua zaidi ni chakula. Serikali ilianzisha mpango wa chakula cha shule unaotegemea mazao ya humu nchini mwaka 2009, na mwaka 2018 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaikabidhi serikali shule zilizosalia za maeneo kame. Tana River ni mojawapo ya kaunti kame, ingawa mgeni anayeuona mto ukifurika hawezi kuamini. Chakula kinapokuwapo, mtoto hupata sahani ya mahindi na maharagwe akaweza kusikiliza hadi alasiri. Stoo inapokuwa tupu, ratiba ya masomo haibadiliki hata kwa dakika moja. Sijapata kusikia mwalimu mkuu akiwaambia wazazi kwamba kwa vile muhula huu hakuna chakula, vipindi vitapunguzwa.

Sasa mpe mtoto huyo kipindi cha tisa chini ya paa la mabati, katika joto la delta. Kinywa kimekauka. Maji ya kunywa ni yale aliyokuja nayo kwenye chupa, na kwa msichana kuna hesabu nyingine ambayo baba wengi hawaijui: hanywi maji makusudi, kwa sababu choo hakina mlango, au ni kimoja kwa wasichana wote. Siku za hedhi ndiyo kabisa. Kichwa kinachouma saa nane mchana aghalabu huwa ni njaa, kiu na upungufu wa damu vimekutana pamoja. Safura na malaria za kurudia rudia huzidi kuipunguza damu hiyo. Panadol haiwezi kutibu ratiba.

Upande wa michezo nina habari ambayo huwafurahisha wazazi ninapowasimulia. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti walichagua shule 12 za msingi na kuanzia mwaka 2010 wakaongeza katika nusu ya shule hizo kipindi kimoja cha dakika 40 kila siku. Dakika 40 hasa, kama za kwetu. Tofauti ni kwamba kipindi hicho kilifanyika nje, juani. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata ugonjwa wa kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule zilizoongeza kipindi cha nje, na asilimia 39.5 katika zile ambazo hazikuongeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Nao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Mtoto wa Golbanti atembeaye kwa miguu huenda anazipata njiani. Wako wa Nyali au Kileleshwa je?

Usidhani kwamba nawadharau wanaoomba kipindi hiki. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko ya El Niño yaliikumba delta, na mwaka 2024 yakarudi. Muhula wa pili wa mwaka huo, uliokuwa uanze tarehe 29 Aprili, ulifunguliwa tarehe 13 Mei kote nchini, na mahali ambapo maji hayakuwa yamesoma tangazo la Wizara watoto walikaa nyumbani zaidi. Mwaka uliofuata, 2025, watahiniwa wa kwanza wa gredi ya 9 wakaufanya mtihani wa KJSEA, na karatasi ilikuwa moja kwa aliyefurikiwa na kwa asiyefurikiwa. Mwalimu anayetaka kufidia siku zilizozama ana haki ya kusikilizwa.

Tena iko hoja ambayo mimi kama daktari siwezi kuipuuza. Nchini Chile sheria ya mwaka 1997 ilirefusha siku ya shule, na watafiti walipofuatilia waligundua kwamba mimba za wasichana matineja wa familia maskini zilipungua. Msichana aliyeko shuleni chini ya jicho la mwalimu hayuko vichochoroni. Kwa nchi kama yetu si jambo dogo hilo. Ila wenzetu wa Chile walirefusha siku pamoja na fedha za kujenga madarasa, na watoto maskini wakapewa chakula shuleni. Huku kwetu tunataka kurefusha siku kwa kengele tu.

Na jioni ya Golbanti si jioni ya mtaa wenye taa. Jua huzama baada tu ya saa kumi na mbili, na mwezi wa Novemba huzama mapema kuliko Februari. Mtoto akitoka shuleni saa kumi na moja, akatembea, akavua sare, anafika mtoni na ndoo wakati mwanga unakwisha. Mto Tana una mamba, na wazazi wa kule hawahitaji daktari kuwaeleza. Wapo pia watoto wanaokwenda madrasa alasiri. Hao hakuna aliyewauliza watahudhuria saa ngapi.

Maoni yangu, basi. Kipindi cha alfajiri nakipinga moja kwa moja, mjini na shambani. Cha jioni ningekikubali kwa siku mbili za wiki, kwa muhula mmoja, kufidia masomo yaliyopotea kwa mafuriko, mradi watoto wamekula mchana shuleni na kengele ya mwisho ilie kabla ya saa kumi na robo. Siku tatu zilizobaki ziachiwe mpira, kwaya na kukimbia ovyo. Na kisilipiwe. Mahali ninapoona kipindi cha ziada kikiambatana na shilingi mia mbili za kila mwezi, huanza kushuku kama kilibuniwa kwa ajili ya mtoto. (Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo. Waliokuwa wakiitoza hawakupotea, walihamia alfajiri.)

Ukienda mkutanoni, uliza stoo ya chakula ina magunia mangapi kabla ya kuuliza wastani wa alama. Uliza vyoo vya wasichana ni vingapi na vina komeo. Nyumbani, vuta kidogo ukope wa chini wa mtoto wako ukamtazame: kwa ndani unapaswa kuwa mwekundu. Ukiwa mweupe, au ukimkuta anatafuna odowa, au anasinzia kila alasiri hata siku ya Jumapili, mpeleke apimwe damu.

Yule binti nilimpa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, nikamwandikia mwalimu wake barua. Alirudi baada ya wiki sita, damu ikiwa gramu 11.1, na kichwa hakimwumi kila siku. Bibi amekuwa akimfungia viazi vitamu kwenye karatasi aende navyo. Nikamwuliza kuhusu barua yangu. Akasema mwalimu aliisoma, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni, na kwamba kengele ya kwanza bado inalia saa kumi na mbili na nusu.