Daftari la Wiki: Kisu cha Mfukoni, Kikubwa au Kidogo?

Wiki hii mezani kwangu pana visu vitatu vya kukunja. Vyote ni vya Case, kampuni ya mji wa Bradford, jimboni Pennsylvania, ambayo huhesabu umri wake tangu 1889, na kila kimoja kina mabapa mawili. Kikubwa kinaitwa Trapper: kikikunjwa kina inchi 4 na thumuni, karibu sentimita 10.5. Cha kati ni Mini Trapper, inchi 3 na nusu, hazifiki sentimita 9. Kidogo ni Peanut, sentimita 7.3 tu.

Ukivipanga juu ya karatasi utasema vinakaribiana. Vitie mfukoni ndipo utakapovijua. Trapper kina uzito wa karibu gramu 110. Kwenye jinzi hakisumbui. Kwenye kanzu nyepesi ni mtihani: kinavuta upande mmoja, ukitembea kinakupiga paja, ukienda kusujudu kinagonga sakafu na safu nzima inajua umebeba chuma. Peanut nacho kina ubaya wake, kwamba hukisikii kabisa. Kinajichanganya na funguo na sarafu, na anayekuja kukikumbuka ni mfua nguo.

*

Wauzaji hutangaza urefu wa kisu kilichokunjwa. Kinachokata lakini ni bapa, na bapa lazima liwe fupi kuliko mpini unaolimeza. Bapa kuu la Trapper lina sentimita 8 na ushei, la Mini Trapper karibu 7, la Peanut 5 na kidogo.

Embe dodo lililoiva hutoa hukumu upesi kuliko rula. Trapper hushusha shavu zima la embe kwa mkato mmoja. Mini Trapper hufanya kazi ile ile, ila mkono uuzungushe kidogo. Peanut humenya vizuri sana, pengine kuwashinda wakubwa zake, kwa sababu bapa lake ni jembamba. Taabu huanza unapotaka kufika kwenye kokwa. Bapa lote linazama, mpini unafuata, na maji ya embe yanaingia kwenye kiungo. Sukari ikikaukia humo, kesho yake unavunja ukucha kukifungua, na dawa ni maji ya moto, mswaki mkuukuu na tone la mafuta. Tena mpini wenyewe hushikwa na vidole vitatu, kile cha mwisho hakina pa kukaa. Kwa uzi, bahasha au kutoa mwiba hilo si neno. Kwa kamba nene ya mkonge, mkono utachoka kabla kamba haijakatika.

Muuza machungwa wa stendi angevicheka vyote vitatu. Chake hakikunjwi, na huwa keshamenya la tatu kabla mimi sijatia ukucha kwenye mfereji wa bapa.

*

Kwa nini mabapa mawili? Wamarekani waliotengeneza Trapper walikuwa na jibu la shambani. Bapa la kwanza lina ncha kali, la kuchuna mnyama aliyenaswa mtegoni. La pili ni refu, lenye ncha butu, na umbo hilo asili yake ni kuhasi ndama: ncha ikiwa butu haitoboi pasipotakiwa. Siku hizi wengi wanaolibeba hawajamgusa ndama. Mimi nimeligawia kazi chafu, yaani maboksi, gundi, kamba na mifuko ya saruji, na lile la ncha kali halikati ila chakula. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuwa hoja ya kukataa kisu cha bapa moja.

Hapo ndipo ukubwa unaporudi mlango wa nyuma. Mini Trapper amerithi jozi ile ile ya kaka yake, mabapa mawili yenye urefu unaokaribiana, kila moja na kazi ya maana. Kwenye Peanut nafasi imekwisha. Bapa la pili limekuwa kijibapa cha kuchonga kalamu. Linafaa, silidharau, lakini halifungui gunia.

Unene nao watu husahau kuuuliza. Mabapa yakitokea upande mmoja wa mpini, mara nyingi kila moja huhitaji springi yake, na mpini unanenepa. Yakitokea ncha mbili tofauti, yanaweza kushirikiana springi moja, na kisu kinakaa mfukoni kama bahasha. Mtu wa suti au wa suruali ya kitambaa atafute muundo huo wa pili, hata urefu ukizidi kidogo.

Wenye tamaa ya mabapa mengi wana kiongozi wao huko Sheffield, Uingereza, mji ambao chama chake cha mafundi visu kiliundwa 1624. Kampuni ya Joseph Rodgers ilitengeneza huko kisu cha maonyesho mwaka 1822, nacho kikapewa mabapa 1,822. Mfuko wake sijui nani angeushona.

*

Katika riwaya ya Mark Twain ya 1876, Tom Sawyer anapewa kisu kipya cha aina ya Barlow, cha senti 12 na nusu, na furaha inamtikisa mwili mzima. Barlow ya kawaida, ikikunjwa, huwa kati ya sentimita 8 na 9. Yaani watoto wa kando ya Mississippi walikuwa wamelijibu swali langu zamani.

*

Kwa ndugu zetu wanaoishi England na Wales, ukubwa si suala la ladha. Kifungu cha 139 cha sheria yao ya jinai ya 1988 kinamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kutoa maelezo ikiwa makali yake hayazidi inchi 3, sawa na sentimita 7.62, na ikiwa bapa halijifungi likishakunjuliwa. Visu hivi vya zamani vinashikiliwa na springi tu, havina kufuli, kwa hiyo sharti la pili vyote vinalitimiza. La kwanza linamwangusha Trapper. Atakayembeba barabarani awe na sababu nzuri ya kumweleza polisi, kwa mfano kazi anayokwenda kuifanya. Wadogo wawili wanapita. Lakini hata kilicho kidogo kabisa kinageuka silaha mbele ya sheria ikiwa umekibeba kwa nia ya kumdhuru mtu.

Kwenye ndege mpaka unashuka zaidi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinazuia kabini mabapa yanayozidi sentimita 6. Wamarekani nao walitangaza mwaka 2013 kwamba wangekubali kipimo hicho hicho, wahudumu wa ndege wakapinga vikali, na mwezi Juni mpango ukafutwa. Kwa Peanut hesabu inakubali, kwa mkaguzi aliyechoka huenda isikubali. Kiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, usibishane na mtu foleni ikiwa nyuma yako.

*

Kwa anayenunua cha mtumba: soma nambari iliyopigwa kwenye shina la bapa. Kwenye 6254, tarakimu ya 6 inasema mpini ni wa mfupa uliochongwa, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni muundo wa Trapper. Mini Trapper ni 6207 na Peanut ni 6220. Kuanzia 1970 kampuni iliweka pia nukta kumi chini ya jina, ikawa inapunguza moja kila mwaka, kwa hiyo kisu cha miaka ya sabini kinakwambia umri wake chenyewe.

Anayekaa pwani aulize na chuma. Case wana cha kaboni, ambacho kinanoleka upesi, na wana kisichoshika kutu. Hewa yetu ya chumvi ikikutana na maji ya ndimu, chuma cha kaboni huota madoa usiku mmoja kisipofutwa.

*

Hukumu yangu basi. Trapper ni kisu cha shamba, mashua na mkanda, kikae huko. Peanut apewe mwenye kanzu, au anayeshinda ofisini akifungua barua. Mwenye fedha ya kisu kimoja tu anunue cha sentimita 9, chenye mabapa mawili ya urefu unaokaribiana, na kama yuko karibu na bahari achukue kisichoshika kutu.