Bandu Bandu Huisha Gogo

Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet methali hii si fumbo, bali ni habari ya kila siku. Gogo la mkaratusi huingia katika tanuri la kiwanda na kuteketea, lakini sehemu ya joto lake haikaushi hata jani moja la chai. Hupotelea hewani kupitia vyuma vichache vilivyoachwa uchi, wala hakuna anayeuliza.

Msomaji aliyekulia katika milima hii anajua safari ya chai. Jani bichi linapofika kiwandani, yapata robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Maji hayo huanza kupunguzwa katika vihori vya kunyausha, kisha jani husagwa, huachwa libadilike rangi, na hatimaye hukaushwa hadi libakiwe na unyevu wa asilimia 3 hivi. Ndiyo maana zaidi ya kilo nne za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Joto la kazi hiyo yote huletwa na mvuke utokao katika boila, na boila nyingi za viwanda vyetu hulishwa kuni.

Mvuke huo husafiri kwa mabomba. Ukiyatazama mabomba yenyewe, mara nyingi utayakuta yamevikwa vizuri sufu ya mwamba na bati juu yake. Lakini tazama pale mabomba yanapoungana: kwenye vali, kwenye flanji, kwenye viwiko na vichujio. Hapo mara nyingi chuma ki wazi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Fundi hulazimika kuzifungua sehemu hizo ili kuzirekebisha. Siku ya kwanza aliondoa kihami akakiweka kando. Siku ya pili kilikuwa kimelowa. Siku ya tatu hapakuwa na aliyekumbuka kwamba kiliwahi kuwapo.

Huenda mtu akasema kwamba vali moja ni kitu kidogo. Na tufanye hesabu, kwa kuwa ukurasa huu husomwa na walimu na wanafunzi. Mvuke wenye shinikizo la baa 10 una joto la nyuzi 180 hivi za Selsiasi. Vali iliyo uchi kwenye bomba la upana wa milimita 100, pamoja na flanji zake, hupoteza joto la yapata kilowati moja. Tuseme kiwanda kinafanya kazi kwa saa 6,000 kwa mwaka. Hizo ni kilowati-saa 6,000, yaani megajuli 21,600. Kilo moja ya kuni zilizokauka hutoa megajuli 15 hivi, na boila ya kawaida huambulia theluthi mbili tu, yaani megajuli 10. Gawanya. Vali hiyo moja imekula zaidi ya tani mbili za kuni kwa mwaka mmoja. Zikiwa 20, basi zimekula zaidi ya tani 40, na chai haikuongezeka hata gramu moja.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni koti: godoro la sufu ya mwamba lililoshonewa ndani ya kitambaa kizito kisichoungua, lenye kamba au vishikizo vya kulifunga na kulifungua. Fundi akitaka kurekebisha vali, hulivua. Akimaliza, hulivika tena. Koti la namna hiyo huweza kuzuia asilimia 80 hadi 90 ya joto lililokuwa likipotea. Na atakayeuliza kama lina faida, alinganishe bei ya kulishona na bei ya tani mbili za kuni katika soko la kwao.

Suala hili haliwahusu wenye viwanda peke yao. Viwanda vilivyo chini ya KTDA ni mali ya wakulima wadogo, na kila shilingi inayonunua kuni hutolewa kwanza kabla bonasi haijagawanywa. Wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika sana kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ile ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Sidai kwamba vali zilizo uchi ndizo chanzo cha tofauti hiyo. Bei ya mnadani na ubora wa chai vina uzito mkubwa zaidi. Hata hivyo, bei ya Mombasa haimo mikononi mwa mkulima wa Litein au Mogogosiek. Koti la vali limo.

Kisha kuna msitu. Ripoti ya kikosi kazi cha serikali kuhusu Mau, ya mwaka 2009, ilieleza kwamba takribani robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika muda wa miaka 15. Lawama kubwa ya msiba huo ni ya ugawaji wa ardhi na makazi, wala si ya boila. Lakini mwezi wa Februari 1998 haukuwa mwezi ambao serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Ulikuwa Februari 2018, miaka tisa baada ya ripoti hiyo, na kuni zikawa suala la kila kiwanda. Wengine hujibu kwamba kuni zetu hutoka katika mashamba ya mikaratusi tuliyoipanda wenyewe. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini mkaratusi nao unataka ardhi ambayo ingeweza kuoteshwa mahindi na viazi, na unakunywa maji ya vijito vilevile vinavyoilisha Nyangores.

Mwisho nageukia shule na vyuo. Nimewahi kusimama katika jiko la shule moja ya bweni ambako uji na githeri hupikwa kwa mvuke. Bomba lilikuwa uchi kutoka boila hadi sufuria, na mpishi alikuwa na kovu la kuungua mkononi. Nje palikuwa na rundo la kuni lililofika dirishani. Ndani ya darasa lililokuwa karibu, ubaoni, palikuwa na somo la fizikia kuhusu namna joto linavyosafiri. Ukuta mmoja tu ndio uliotenganisha elimu na ujinga.

Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilizitaka taasisi zinazotumia nishati nyingi zikaguliwe angalau mara moja kila miaka mitatu. Ukaguzi ni mzuri, lakini hatuna haja ya kuusubiri. Mwalimu wa fizikia, akifuatana na fundi wa shule, awapeleke wanafunzi wake kwenye boila wakiwa na daftari na kalamu. Wasiguse kitu, wahesabu tu vyuma vilivyo uchi, wapime upana wa mabomba kwa macho ya fundi, kisha wapige hesabu na kuiwasilisha kwa bodi. Pale ambapo majengo ni ya zamani, wasichokore kihami kikuukuu, kwani huenda kina asbestosi, na vumbi lake huleta saratani. Hiyo ni kazi ya wenye ujuzi. Chuo Kikuu cha Kabianga kimezungukwa na chai, na Bomet pana chuo kikuu kishiriki. Vijana wa huko wana viwanda vya kujifunzia karibu kuliko vijana wengi wa nchi hii.

Gogo huisha kwa bandu bandu, na huokolewa kwa njia iyo hiyo: koti moja, kisha jingine. Tuanze na vali iliyo karibu nasi.