Mafahali Wawili, Zizi Moja

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sitaki kuwapinga wahenga, ila kuna zizi moja ambamo mafahali wawili hukaa kwa amani. Zizi hilo ni tarakilishi.

Walimu wapendwa na wanafunzi wenzangu, mjadala umepamba moto hapa shuleni. Wako wanaotaka Windows 10 ing'olewe, kwa sababu marekebisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu kuukuu hazikubali Windows 11. Ati tuweke Ubuntu, ni ya bure. Wengine wanajibu, "Tuacheni na tuliyoyazoea! Mradi wa KCSE tutaufanyia wapi?" Maoni yangu ni kwamba tuweke mifumo yote miwili.

Nasema haya kwa kuwa yalitufika. Nyumbani kwetu Kisauni tuna tarakilishi moja ya mtumba. Mama huuza mahamri na mbaazi, na humo ndimo alimoandika wateja wa mkopo. Likizo moja kaka yangu akaamua kuweka Ubuntu. Mashine ikamuuliza kama ifute diski nzima, naye akabonyeza ndiyo bila kusoma. Lo! Madeni ya miezi mitatu yakapeperuka. Mama hakupiga kelele. Alikaa kitako akauliza tu, "Sasa wanangu, nitajuaje namdai nani?" Waungwana walikuja kulipa wenyewe. Wengine mpaka leo hupitia uchochoro wa pili.

Kosa halikuwa la Ubuntu wala la Windows. Tulimfukuza mpangaji kabla ya kutoa vyombo.

Diski ni kama nyumba ya vyumba. Kwanza, toa nakala ya kila faili uweke kwenye flashi. Pili, Windows itangulie, Ubuntu ifuate, maana Windows ikija nyuma ina tabia ya kumfungia mwenzake mlango. Ubuntu ikija nyuma huleta bawabu wake, GRUB, ambaye kila ukiwasha hukuuliza unaingia kwa nani. Tatu, tenga ukumbi wa faili za wote. Ukumbi huo uwe wa mtindo wa NTFS, kwani Ubuntu husoma na kuandika humo, lakini Windows kwa kawaida haisomi chumba cha Ubuntu cha mtindo wa ext4. Insha uliyoiweka ukumbini ukiwa upande huu utaikuta ukiwa upande wa pili.

Kuna na adabu za kuishi pamoja. Windows ina mtindo wa kuwaka haraka: ukiizima, huwa inasinzia tu na funguo mkononi, na Ubuntu hukuta ukumbi haundikiki. Uzimeni mtindo huo. Tena ukitoka Ubuntu ukarudi Windows, utaona saa imerudi nyuma kwa saa tatu, kwa sababu mmoja huhesabu kwa saa za dunia na mwingine kwa saa za hapa Kenya. Betri haijafa, ni mpangilio tu wa kurekebishwa.

Basi kazi zigawanywe. Mradi wa KCSE tuufanye ndani ya Windows, bila intaneti. Tukitaka intaneti, tuingie Ubuntu inayopata marekebisho mapya. Mashine yenye diski ndogo isilazimishwe.

Nasi wanachama wa Kiswahili tuna sababu yetu. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa programu huria huruhusu yeyote kuzitafsiri. Mbona sisi tusijaribu?

Nawaomba walimu watuanzishie na tarakilishi moja tu, nakala zikiwa tayari. Ikitushinda, tutarudi tulikotoka bila hasara.

Kwetu, mama sasa huweka hesabu zake ukumbini, na nyingine kwenye daftari. Nikimwambia mambo yametengemaa, hucheka akasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nakunja jamvi. Mwenye macho haambiwi tazama.