Mzee wa Mbulu akisema "ndiyo", msimwamini haraka

Haya wadau, leo sina stori za kantini. Jana usiku hosteli tumebishana mpaka taa zikazimwa, na sijaridhika, kwa hiyo namalizia hapa.

Mada ilikuwa kipandikizi cha koklea. Muhimbili walianza kuvipandikiza mwaka 2017, kabla ya hapo watu walikuwa wanapelekwa India. Safi kabisa. Lakini upasuaji si mwisho wa kazi jamani! Lazima kila elektrodi (ziko 12 mpaka 22, inategemea kampuni) ipangiwe kiwango cha chini na cha juu cha umeme. Cha juu ndiyo kasheshe. Kikizidi, mtu anaumia, kifaa anakitupa kabatini. Kikipungua, maneno hayaeleweki.

Jamaa mmoja anadai kupima kwa rifleksi ni mambo ya watoto, eti mtu mzima "si anasema mwenyewe". Anasema kwa lugha gani? Chukua mzee wa Kiiraqw kutoka Mbulu, au mama wa Kibarabaig kule Hanang, hajasikia kitu miaka 10. Kafika Dar kachoka na basi, mbele yake kijana wa koti jeupe anamwonyesha karatasi: hii ni kubwa inayofaa, au kubwa inayoudhi? Atatikisa kichwa kwa heshima tu. Na ubongo uliokaa kimya muda wote huo, "kubwa" yenyewe umeshaisahau.

Sasa kuna kamsuli kadogo kameshika mfupa wa kikuku ndani ya sikio. Kenyewe hakana heshima kwa daktari. Sauti ikiwa kubwa kanajikaza, na umeme wa kifaa ukipanda kanajikaza vilevile. Timpanometa, mara nyingi kwenye sikio la pili, inakaona. Kiwango hicho kinakaribiana sana na kile cha juu anachokivumilia mtu kwa raha, kuliko hata kile kipimo cha mwitikio wa neva ambacho wengi wanakipenda kwa sababu kompyuta inajifanyia.

Najua, wapo ambao msuli haujibu kabisa, na sikio lenye ugonjwa wa ndani ya ngoma litakugomea. Hao waulize, tena kwa mkalimani wa lugha yao. Ila kuwaanzia wote kwa maswali kwa vile tu wana ndevu? Uvivu huo bwana.

Halafu Haydom pale Mbulu kuna hospitali tangu 1955. Kurekebisha kifaa kwa intaneti kunafanyika duniani. Timpanometa na mtu aliyefundishwa wakae huko, tuache kuwasafirisha wazee kwa swali moja.

Anayepinga aje na hoja. Nipo chumbani mpaka saa nne.