Kimya cha Wazee na Dhiki ya Vijana wa Katumba

Wako watu wasemao kwamba elimu ya nafsi inayochunguza dhiki ya ubaguzi kwa vijana wa makundi madogo ni elimu ya Marekani, nayo ikae huko huko. Tanzania, wasema, haina maradhi hayo. Basi ya nini kuagiza dawa? Hoja hii ina heshima yake, kwa kuwa taifa lililojengwa kwa kuukataa ukabila lina haki ya kuyaogopa maswali ya asili. Lakini si kila hoja yenye heshima ni hoja ya kweli, na Mpanda ni mahali pa kuipima.

Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yaliwakimbiza Wahutu wengi, wakapokewa Tanzania. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, yote mawili katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda. Watu hao walifyeka pori, wakalima, wakazaa. Mwaka 2010 serikali iliridhia uraia wa watu 162,000 na zaidi wa makazi hayo na ya Ulyankulu mkoani Tabora. Lakini vyeti havikuanza kutolewa mpaka Oktoba 2014, kwa kuwa walitakiwa kwanza wahamie mikoa mingine. Kijana aliyezaliwa Katumba, ambaye hajapata kuiona Burundi, alikaa miaka minne akiwa ameacha kuwa mkimbizi bila ya kushika mkononi ushahidi wa uraia. Cheti kilipofika kiliingia sandukuni. Neno "mkimbizi" likabaki vinywani mwa watu.

Ni kweli kwamba kijana huyu hatengwi kwa rangi, na hodari wa kutafsiri madodoso ya Marekani neno kwa neno atapima kisichokuwapo. Lakini kiini cha elimu ile si rangi tu. Ni swali hili: mtoto anayedharauliwa kwa asili yake huambiwa nini nyumbani kwao? Mwaka 2006 Diane Hughes na wenzake walizipitia tafiti nyingi za swali hilo, wakatenga njia za wazazi: kumfundisha mtoto kujivunia asili yake, kumwandaa kukabili ubaguzi, kumtia shaka juu ya watu wengine, kusisitiza usawa, au kunyamaza kabisa. Fahari ya asili ilielekea kuandamana na heshima ya nafsi. Shaka ilielekea kuandamana na madhara. Nayo maandalizi yalikuwa na matokeo mchanganyiko.

Njia hizo si ngeni Tanzania. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti kati ya mwaka 1985 na 1986 na kutoa kitabu mwaka 1995, aliwakuta watu wa Mishamo wakiisimulia historia yao tena na tena, na ndani yake Mtutsi ni adui wa tangu zamani. Mjini Kigoma aliwakuta wenzao wamejichanganya na wenyeji, wakivaa utambulisho huu leo na ule kesho kadiri ya haja. Huku asili ilisemwa pamoja na uadui. Kule ilisitirika ili maisha yaende. Wala mtu asiwalaumu: kila upande ulitafuta kinga kwa zana ulizokuwa nazo.

Wapenda kimya hujibu kwamba kulitaja jeraha ni kulitonesha. Mishamo inawapa sehemu ya haki, kwa kuwa si kila masimulizi huponya. Lakini dawa ya masimulizi mabaya ni masimulizi mema, si ububu. Mtoto asiyeambiwa na bibi yake kwamba alikotoka si aibu, ataambiwa na mchokozi wa shuleni kwamba ni aibu. Na umoja unaomtaka mtoto afiche bibi yake alizaliwa wapi ni umoja ambao gharama yake hulipwa na mtoto peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi wajibu wa vyuo ni dhahiri. Wanafunzi wa saikolojia na wa Kiswahili waende Katumba na Mishamo pamoja, wawasikilize vijana kwa Kiswahili na wazee kwa Kirundi, na maswali yatungwe huko kabla ya kuazimwa ng'ambo. Cheti kilimwambia kijana kwamba yeye ni raia. Kazi iliyobaki ni kuujua moyo wake umeambiwa nini.