«Utayeyuka»: neno moja na taya la baba mdogo

Mwaka jana niliitwa hospitalini kumtafsiria baba mdogo. Alikuwa na uvimbe wa maji ndani ya mfupa wa taya. Daktari, aliyesoma kila kitu kwa Kifaransa, alitaka kuutoa, kisha afunike shimo kwa utando. Akasema utando huo ni «résorbable». Mimi, mwanafunzi wa tafsiri na fahari ya familia, nikageuza bila kusita: «Utayeyuka.»

Baba mdogo akanitazama. «Mwanangu, taya langu likiyeyuka nitakula na nini?» Akakataa kutia sahihi. Tulirudi huko baada ya miezi minne, shavu likiwa limevimba zaidi. Daktari hakukosea. Nilikosea mimi.

Kosa langu halikuwa la kamusi. Nilitafsiri kitu nisichokijua. Shimo katika mfupa linaweza kujazwa na mfupa mpya, ila polepole. Nyama ya ufizi hukua haraka zaidi. Ikiachwa, itaingia shimoni na kuchukua nafasi ya mfupa. Utando ni ua: unauzuia ufizi nje ili chembe za mfupa zipate muda wa kufanya kazi.

Lakini ua wa nini? Kolajeni tupu mwili huifyonza, ila ni laini na inaweza kuisha kabla ya mfupa kukomaa. Utando wa PTFE, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, hauishi. Mgonjwa hupasuliwa mara ya pili kuuondoa. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza tando za mchanganyiko: kolajeni, au polima ambayo mwili huimaliza wenyewe, pamoja na madini ya kalsiamu na fosfati kama haidroksiapatiti. Mfupa wenyewe umejengwa hivyo, kwa kolajeni na madini. Aliyekulia katika nyumba ya potopoto hahitaji kufundishwa hili: miti peke yake inapitisha upepo, udongo peke yake unabomoka, vikishikana ni ukuta.

Mara ya pili nilisema hivyo hivyo, ukuta na ua. Na badala ya «utayeyuka» nikasema: «Mwili utaufyonza kidogo kidogo, na mfupa wako utabaki.» Baba mdogo akatikisa kichwa, kisha akauliza: «Hiyo kolajeni inatoka kwa mnyama gani?» Yeye ni Mwadventista. Kolajeni ya tando hizi mara nyingi hutoka kwa nguruwe au ng'ombe. Daktari alilazimika kuchukua boksi na kusoma. Ilikuwa ya ng'ombe. Baba mdogo akatia sahihi. Nami nikaona aibu: kama angetia sahihi siku ile ya kwanza, angekuwa amekubali asichokijua, na ningekuwa shahidi wake.

Wenzetu wengine husema sayansi ibaki kwa Kifaransa, maana Kiswahili hakina maneno yake. Wengine husema tungoje orodha za istilahi kutoka Dar es Salaam. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa ambazo dola inapaswa kuziendeleza. Na istilahi, hata ikiwa sanifu, mgonjwa wa mtaani kwetu asipoielewa, haijamtafsiria kitu.

Pendekezo langu ni dogo. Kila mwaka tunaandika TFC nyingi juu ya istilahi, na nyingi huishia kwenye orodha ya maneno. Mwanafunzi mmoja akae na mwenzake wa tiba. Wachukue karatasi moja ya ridhaa ambayo wagonjwa hutia sahihi, waitafsiri, kisha wawasomee wamama wauzaji sokoni na kuwaomba waieleze kwa maneno yao. Pale maelezo yatakaporudi yamepinda, ndipo kazi yetu ianzie. Walimu wapime TFC hiyo kwa jambo hilo, si kwa idadi ya maneno mapya.

Ningepimwa hivyo kabla ya kuingia katika chumba kile, baba mdogo asingeubeba uvimbe wake miezi minne zaidi.