Kahawa Iliyouzwa Ingali Mbichi

Huko Mbinga iko biashara iitwayo magoma. Mkulima hupokea fedha mwezi wa Februari au Machi, kahawa ingali mbichi mtini, na yafikapo mavuno humkabidhi mnunuzi kwa bei ile ile ya siku ya njaa. Jasho la mwaka mzima, lake na la mkewe, limekwenda usiku mmoja, na mke hakuulizwa! Mwambie mvuvi wa Mbamba Bay auze leo usipa ulio bado ziwani, uone atakavyokucheka.

Serikali imeikataza, nayo yaendelea. Ushirika hulipa baada ya mnada, na mtoto anayeumwa hangoji mnada, hilo nalikubali. Lakini je, ulimshauri nani kabla ya kupokea? Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuiva, na sababu yake kila mkulima aijua: mvua ikikosekana, aliyekwisha kula fedha atalipa nini?

Ila neno langu kubwa ni kwako wewe mwenye mshahara, ikiwa u miongoni mwao. Asubuhi ofisini wawahimiza wakulima wapeleke kahawa ushirikani. Jioni wapita milangoni mwao na noti mfukoni. Mwenzio aliamua kwa njaa. Wewe uliamua umeshiba. Jirani akikujia na shida, mkopeshe, akurudishie kiasi kile kile, au mwambie huna. Na msimu huu, utakapokwenda kuyachukua magunia yale, mwulize mkewe kama aijua bei.